Bawa la Nyuma la Gari la Mbio: Kani ya Kukandamiza na Namna ya Kulifunga

Bawa la nyuma la gari la mbio ni bawa la ndege lililopinduliwa. La ndege huinua. La gari huvuta chini. Kani hiyo ya kwenda chini, inayoitwa hapa kani ya kukandamiza, huyabana matairi ya nyuma kwenye barabara ili yashike zaidi kwenye kona na kwenye breki, na uzuri wake ni kwamba haiongezi uzito wa gari. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ukiwekwa kwenye buti nao huyabana matairi, lakini gari likikata kona, mfuko huo nao hutaka kwenda moja kwa moja, na matairi hulazimika kuuvuta pamoja na gari zima. Bawa linalotoa kani ya kilo 50 huyabana matairi kiasi hichohicho bila kuyatwisha mzigo huo. Ndiyo sababu timu za mbio huitafuta kani hii kwa gharama kubwa, huku zikipunguza kila gramu ya chuma zinayoweza kupunguza.

Kwenye mitaa ya Kinondoni na Temeke jijini Dar es Salaam, kuanzia Tegeta na Bunju hadi Tandika na Mbagala, mabawa huonekana kwenye Subaru Impreza, Toyota Altezza na Mark X, na mara nyingine hata kwenye IST na Vitz. Mengine yalitoka Japani na gari lenyewe, mengine yamenunuliwa Kariakoo, mengine yamefinyangwa kwa faiba humuhumu gereji. Mafundi na wateja huyaita yote spoila, lakini kwa upande wa kazi kuna vifaa viwili. Spoila hasa ni ukingo uliolalia buti au ncha ya paa, usio na nafasi ya hewa kupita chini yake. Gari la kawaida, kwa umbo la mgongo wake, huinuka kidogo upande wa nyuma likiwa kwenye mwendo mkali, na spoila huuvunja mkondo wa hewa unaoteremka mgongoni ili mwinuko huo upungue. Mkia wa bata wa Porsche 911 Carrera RS 2.7 ya 1973 ni mfano unaojulikana. Bawa, kwa upande wake, husimama kwenye miguu na hewa hupita juu na chini yake. Bawa lililofungwa vizuri halipunguzi mwinuko tu, huligandamiza gari. Kifaa kinachozungumziwa hapa ni hicho cha pili.

Kazi iko chini ya bawa

Wengi wakiliangalia bawa hudhani kwamba upepo huligonga kwa juu na kulisukuma chini. Hiyo ni sehemu ndogo ya habari. Bawa likitazamwa kwa ubavu, tumbo lake la chini ndilo lililobinuka zaidi. Hewa inayopita chini ya tumbo hilo huongeza kasi, na hewa inapoongeza kasi mgandamizo wake hushuka. Juu ya bawa mgandamizo wa hewa ni mkubwa kidogo kuliko kawaida, chini ni mdogo sana, na tofauti ya pande hizo mbili ndiyo inayolivuta bawa kwenda chini. Wakati huohuo ukingo wa nyuma huitupa hewa juu, nayo hewa hujibu kwa kulisukuma bawa chini. Ni tukio moja linaloelezwa kwa njia mbili.

Sehemu kubwa ya kani hutoka kwenye mvuto wa chini, na jambo hilo lina matokeo gereji. Stika kubwa juu ya bawa haina madhara ya maana. Kichwa cha bolti, mshono wa faiba ambao haukupigwa msasa, au tope lililokauka chini ya tumbo huharibu kazi ambayo mnunuzi ameilipia. Kwa sababu hiyohiyo magari mengi ya mbio za saketi leo hufungwa bawa kwa miguu iliyopinda kama shingo ya bata maji, inayolishika bawa kwa juu na kuliachia tumbo wazi. Mafundi wengi huipiga msasa na kuing'arisha ile sehemu ya juu inayoonekana na mteja, na ya chini huachwa kama ilivyotoka kwenye kalibu. Ingefaa iwe kinyume chake.

Hesabu ya mwendo

Kani ya kukandamiza huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo. Mwendo ukizidishwa mara mbili, kani huzidi mara nne. Hakuna jambo lingine katika somo hili lenye uzito kuliko hilo, na ndilo linalosahaulika zaidi pale bei inapopatanwa.

Tuchukue bawa la kawaida la gari dogo: upana mita 1.4, kina sentimita 25 kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, yaani eneo la mita za mraba 0.35. Lichukuliwe kuwa na umbo zuri, limewekwa pembe ya wastani na linapata hewa isiyovurugika, hivyo kigezo chake cha kukandamiza ni 1.2. Hewa ya joto ya Dar es Salaam ina uzito wa takriban kilo 1.16 kwa kila mita ya ujazo. Kwa hesabu hiyo, kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa bawa hukandamiza kwa karibu kilo 5. Kwenye 80 ni kilo 12. Kwenye 100 ni kilo 19, kwenye 120 kilo 28, na kwenye 160 kilo 49, ule mfuko wa saruji wenyewe. Kwenye 200 ni kilo 77.

Kilomita 50 kwa saa ndiyo kikomo cha mwendo kwenye maeneo ya makazi nchini Tanzania, na ndiyo mwendo ambao askari wa usalama barabarani huulinda kwa tochi za kupimia mwendo. Kwenye mwendo huo bawa la mfano wetu hukandamiza kwa kiasi kinachokaribia uzito wa bawa lenyewe, kwani bawa la alumini au faiba la ukubwa huo pamoja na miguu yake huwa na kilo kadhaa. Gari la tani moja haliwezi kuhisi tofauti hiyo. Kwenye foleni ya Mwenge au Mbagala Rangi Tatu, bawa ni pambo, na anayelitaka kama pambo hana haja ya kusoma zaidi ya hapa, isipokuwa sehemu ya ufungaji, kwa sababu pambo nalo linaweza kuchomoka.

Kwenye mashindano hesabu hubadilika. Mtu anayepita kona ya kilomita 140 kwa saa anapewa kilo zinazohesabika, na zinakuja pale tairi linapozihitaji hasa.

Uzito wa hewa nao umo kwenye hesabu. Naivasha nchini Kenya, yalipo makao ya Safari Rally tangu iliporudi kwenye ratiba ya rali ya dunia mwaka 2021, iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 15 hadi 20, na bawa hupoteza kani kwa kiwango hichohicho. Gari lililopangwa pembe zake Bagamoyo likipelekwa Naivasha au Iringa halitakandamiza sawa hata kama hakuna bolti iliyoguswa.

Bei yake ni ukinzani

Hakuna kani ya kukandamiza ya bure. Bawa lolote huivuta hewa nyuma yake, na ukinzani huo huliwa na injini. Kwa bawa la mfano, kwenye kilomita 160 kwa saa ukinzani unaweza kufika kilo 10 hivi, na kuushinda kunahitaji takriban nguvu za farasi 6. Kwenye 100 huhitaji kama moja na nusu tu, maana nguvu inayoliwa na ukinzani hupanda kwa kipeo cha tatu cha mwendo. Injini ya farasi 280 ya Lancer Evolution haisikitiki kwa farasi 6. Injini ya lita 1.3 husikitika.

Ndiyo chimbuko la mabawa yanayobadilika pembe gari likiwa kwenye mwendo. Mwaka 1966 Jim Hall wa Marekani alilipeleka mbioni gari la Chaparral 2E likiwa na bawa kubwa juu ya nguzo ndefu. Dereva alikuwa na pedali ya kulilaza bawa kwenye sehemu iliyonyooka na kuliachia lisimame kwenye kona. Formula 1 iliyaruhusu mabawa ya nyuma kufunguka kwenye maeneo maalumu kuanzia 2011, na kuanzia 2026 kanuni zake zinaruhusu mabawa ya mbele na ya nyuma kubadilika pamoja. Kwa gari la rali la Tanzania hayo yote ni ya mbali. Bawa la kufunga kwa bolti lenye pembe tatu au nne za kuchagua linatosha.

Mahali pa kuliweka

Bawa lisilopata hewa safi halifanyi kazi, hata likiwa la kaboni. Kwenye gari la buti, kama Altezza au Corolla, hewa inayoteremka kutoka kwenye paa hufuata kioo cha nyuma hadi mahali fulani kisha hubanduka na kuanza kuzunguka ovyo. Bawa fupi lililo sentimita kumi tu juu ya buti mara nyingi hukaa ndani ya vurugu hiyo. Likiinuliwa hadi karibu na usawa wa paa hupata mkondo wenye nguvu na ulionyooka. Haya mabawa marefu yanayochekwa vijiweni kwa kufanana na meza ya kupigia pasi yana sababu yake, ingawa wengi wanaoyafunga hawaijui.

Mitsubishi walilishughulikia tatizo hili kwa njia ya pembeni: kwenye baadhi ya Lancer Evolution VIII waliweka mapezi madogo kwenye ukingo wa nyuma wa paa, yanayoichangamsha hewa ili ing'ang'anie kioo kwa muda mrefu zaidi na ilifikie bawa ikiwa na nguvu. Mapezi hayo yalipangwa kwa vipimo vya handaki la upepo, kwa ajili ya umbo la gari lile. Yakibandikwa kwa kukisia kwenye paa la Spacio, kinachobaki ni gundi na plastiki.

Kwenye gari lisilo na buti, kama Vitz au IST, mahali pazuri ni ncha ya paa, na bawa lichomoze nyuma yake kidogo. Gari la rali la Toyota GR Yaris, ambalo liliipa Toyota ushindi wa Safari Rally tangu 2022 hadi 2025 baada ya Yaris WRC kushinda 2021, lina bawa la namna hiyo: pana, limekaa juu na nyuma ya paa, na lina mabamba ya wima kwenye ncha zake.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu mahali. Hewa inayotoka kwenye paa inateremka, hivyo katikati ya bawa huipokea kwa pembe kubwa kuliko ile inayoonekana kwa macho. Ncha za kushoto na kulia, zilizo nje ya kivuli cha paa, hupokea hewa iliyonyooka zaidi. Bawa moja, pembe mbili. Watengenezaji wazuri hulipinda bawa ili katikati palale zaidi na ncha zisimame kidogo. Anayelikuta bawa la namna hiyo limepinda asilipeleke kwa fundi kulinyoosha.

Pembe

Pembe ya bawa hupimwa kwa mstari unaounganisha ukingo wa mbele na wa nyuma, ukilinganishwa na usawa wa ardhi. Gari lisimame pahali tambarare, dereva awe ndani, tanki liwe na mafuta ya mashindano. Pima maji ya fundi ujenzi inafaa, na programu ya simu inafaa pia ikiwekwa juu ya rula iliyonyooka.

Bawa la kipande kimoja huanza kazi likiwa limelala, kwenye digrii 0, kwa sababu ya umbo la tumbo lake. Kila digrii inayoongezwa huongeza kani na ukinzani. Mahali fulani, kwa mabawa mengi kati ya digrii 12 na 16 kwa hewa halisi inayolifikia, hewa ya chini hushindwa kulifuata tumbo na hubanduka. Hapo kani hushuka ghafla huku ukinzani ukizidi kupanda. Kwa gari la buti, ambalo paa lake tayari limeongeza digrii kadhaa katikati ya bawa, kikomo hufikiwa mapema kuliko namba iliyochapwa kwenye mguu. Bawa lililosimamishwa digrii 25 ili lionekane la kazi ni breki ya hewa.

Njia ya salama ni kuanza chini, digrii 2 hadi 5, na kuongeza mbilimbili baada ya kila jaribio. Wanaohitaji kani zaidi ya hapo huongeza kipande cha pili nyuma ya cha kwanza, kwa kuacha mwanya mwembamba kati ya vipande hivyo. Mwanya huo hupitisha hewa ya kasi inayozuia kubanduka, na bawa zima huweza kusimama zaidi. Kwenye barabara za vumbi mwanya huziba kwa tope, na ukiziba vipande viwili huwa ukuta. Kwa rali za hapa nchini, kipande kimoja kina busara zaidi.

Nyongeza ya bei nafuu ni mdomo mdogo wa wima kwenye ukingo wa nyuma wa bawa. Mwaka 1971 dereva na mtengenezaji wa magari Dan Gurney wa Marekani aliujaribu kwenye gari lililoendeshwa na Bobby Unser, na jina lake likabaki nao. Urefu unaofaa ni asilimia 1 hadi 2 ya kina cha bawa. Kwa bawa la sentimita 25, ni milimita 3 hadi 5. Fundi yeyote wa madirisha ya alumini, na Dar es Salaam hawahesabiki, ana vipande vya pembe vinavyoweza kukatwa kwa kazi hiyo. Milimita 5, si sentimita 5. Mdomo mrefu hurudisha hesabu kwenye ukinzani.

Mabamba ya wima kwenye ncha za bawa nayo si pambo. Hewa ya juu yenye mgandamizo mkubwa hutaka kuzunguka ncha na kuingia chini kwenye mgandamizo mdogo, na mabamba huizuia. Bila mabamba, ncha mbili hupoteza sehemu kubwa ya kani. Kwenye rali yana kazi ya ziada: gari likiwa limekaa ubavu kwenye kona ya changarawe, mabamba hayo hushika upepo na kusaidia kuurudisha mkia kwenye mstari.

Mizani ya mbele na nyuma

Bawa huwa nyuma ya ekseli ya nyuma, na hapo ndipo wengi huharibikiwa. Kani inayosukuma nyuma ya ekseli huongeza uzito nyuma na kuuondoa mbele. Gari likiwa na mita 2.6 kati ya ekseli mbili, na bawa liko sentimita 90 nyuma ya ekseli ya nyuma, basi kani ya kilo 49 huongeza kilo 66 kwenye matairi ya nyuma na huondoa kilo 17 kwenye ya mbele. Ukinzani wa bawa, kwa kuwa unavuta kutoka juu, huondoa karibu kilo 5 nyingine mbele.

Kwa gari linalosukumwa na matairi ya nyuma, kama Altezza, Mark X au Crown, na lenye tabia ya kutupa mkia kwenye mwendo mkali, nyongeza hiyo ya nyuma inaweza kuwa ndiyo inayotakiwa. Kwa Impreza na Lancer Evolution zinazosukuma kwa matairi yote manne, inafaa endapo mbele nako kutafanyiwa kazi. Kwa IST, Vitz, Passo, Raum na nyingine zinazovuta kwa matairi ya mbele, bawa kubwa huondoa uzito kwenye matairi yanayovuta, yanayokata kona na yanayobeba sehemu kubwa ya breki. Gari la namna hiyo likizidi kuongeza mwendo, ndivyo usukani unavyokuwa mwepesi na pua inavyozidi kukataa kona. Mwenye gari la aina hiyo akitaka lishike barabara, fedha ya bawa inunue matairi mapya na shokapu nzima. Hapo hakuna mjadala.

Dalili za mizani mbovu hutofautiana kulingana na mwendo, na hilo husaidia kuitambua. Gari likikataa kona kwenye mwendo mdogo na mkubwa vilevile, kosa liko kwenye matairi, springi au upimaji wa wilo. Likikata vizuri kwenye mwendo mdogo lakini likasukuma mbele kwenye mwendo mkali, bawa limezidi: lilazwe digrii mbili, au bampa la mbele liongezwe mdomo wa chini wa kusaidia pua. Likitulia taratibu lakini likatupa mkia kwenye mwendo mkali, bawa halitoshi au limesimama kupita kikomo na hewa imebanduka. Sababu hizo mbili za mwisho hutoa dalili moja kwa anayekaa kwenye usukani, na uzi ndio unaozitofautisha, kama inavyoelezwa hapa chini.

Kwenye vumbi

Mbio za magari zenye mizizi Afrika Mashariki ni rali. Safari Rally ilianza 1953, na magari yake ya miaka ya mwanzo hayakujua bawa: Bert Shankland, dereva aliyeishi Tanzania, alishinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404 yenye buti tupu. Kilichohitajika enzi zile ni gari lisilovunjika. Colin McRae aliposhinda 1997 kwa Subaru Impreza, bawa la nyuma lilikwisha kuwa sehemu ya kawaida ya gari la rali.

Kwenye changarawe tairi hushika kidogo, kwa hiyo kilo zilezile za kani huzaa mshiko mdogo kuliko kwenye lami. Bawa hubaki na kazi mbili ambazo kwenye saketi hazipewi uzito sana. Ya kwanza ni kulituliza gari kwenye maeneo marefu yaliyonyooka yenye matuta madogo, ambako nyuma hupenda kurukaruka. Ya pili ni angani. Gari likiruka tuta, bawa huamua kama litatua kwa matairi manne au kwa pua. Bawa likizidi, mkia huvutwa chini, gari hutua kwa nyuma, na ukingo wa buti hupasuka.

Kwa dereva wa rali za kitaifa anayetumia Impreza au Evolution ya kiwandani, bawa lililokuja na gari ni bora kuliko mengi yanayouzwa madukani. Lilipimwa pamoja na gari hilo. Lancer Evolution V ya 1998 ilikuja na bawa la alumini lenye pembe ya kubadilishwa kwa spana. Mwenye nalo hana la kununua.

Kulifunga

Tarehe 4 Mei 1969, kwenye mbio za Formula 1 za Hispania mjini Barcelona, mabawa marefu ya nyuma ya magari mawili ya Lotus yalivunjika moja baada ya jingine. Graham Hill aligonga vizuizi, na baadaye mwenzake Jochen Rindt akagonga karibu na palepale na kuumia. Mabawa ya nguzo ndefu yalipigwa marufuku kwenye mbio zilizofuata, za Monaco. Umbo la mabawa yale halikuwa na kosa kubwa. Miguu ilishindwa.

Bati la buti la gari dogo la Kijapani ni jembamba, chini ya milimita moja. Bolti ikipita kwenye bati tupu, bati hubonyea, kisha tundu hupanuka, kisha bawa huanza kucheza. Kwa hiyo kila mguu uwekewe bamba la chuma au alumini upande wa ndani, la ukubwa wa kiganja na unene wa milimita 3, likae juu ya mbavu za buti na si katikati ya bati. Bolti za spana namba 13, washa pana, na nati za kujifunga zenye nailoni. Gundi ya pande mbili peke yake isikubaliwe kwa bawa la aina yoyote, hata la kupambia, maana kwenye jua la mchana la Dar es Salaam gundi hulegea, na anayefuata nyuma mara nyingi ni bodaboda. Kwa gari la mashindano miguu ishuke hadi kwenye chasisi, ipite kando ya buti, ili kani ifike kwenye matairi na isiishie kwenye bawaba na kufuli.

Jaribio la uimara ni la mikono. Kama mwendo wa juu utakuwa 160 na kani inayotarajiwa ni kilo 49, bawa libebe mara mbili ya hapo gari likiwa limesimama: mifuko miwili ya saruji ilazwe juu yake kwa robo saa, ikiwa imegawanywa kushoto na kulia. Miguu ikipinda, bati likibonyea au bawa likitoa mlio wa kupasuka, ni heri litokee gereji. Baada ya hapo bawa litikiswe kwa nyuma na kwa pembeni, lisicheze. Taa ya tatu ya breki isifichwe, ncha zisivuke upana wa gari, na kingo kali za alumini ziviringishwe au zivishwe mpira.

Kuona hewa kwa uzi

Handaki la upepo halipo mtaani, lakini uzi wa sufu upo kwenye kila duka la cherehani. Vipande vya sentimita 8 vibandikwe kwa gundi ya karatasi ya mafundi rangi: safu tatu kwenye kioo cha nyuma, na safu mbili chini ya tumbo la bawa. Simu ifungwe ndani ya gari ikitazama kioo, na nyingine ifungwe kwenye buti ikitazama tumbo la bawa kutoka chini. Mwendo wa 70 hadi 80 kwa saa unatosha, kwenye barabara inayouruhusu, na dereva asishughulike na simu.

Uzi unaolala na kuelekea nyuma unaonyesha hewa iliyoshika. Unaotetemeka unaonyesha hewa iliyo karibu kubanduka. Unaosimama, kuzunguka au kugeukia mbele unaonyesha kwamba hewa imekwisha kubanduka. Uzi wa kwenye kioo ukicheza ovyo kuanzia katikati, bawa liinuliwe au lisogezwe nyuma. Uzi wa chini ya tumbo ukigeuka katikati tu huku ncha zikilala vizuri, pembe imezidi katikati: ilazwe. Ukigeuka pote, bawa limesimama kupita kikomo na dereva amekuwa akivuta breki ya hewa muda wote.

Baada ya kila badiliko moja, jaribio lirudiwe kwa mwendo uleule na, ikiwezekana, saa zilezile. Upepo wa bahari wa alasiri kwenye barabara ya Bagamoyo unaweza kuongeza au kupunguza kilomita 15 au zaidi kwenye mwendo halisi wa hewa juu ya gari, na vipimo vya asubuhi na alasiri havitalingana.

Matunzo

Bolti zikazwe upya baada ya safari ya kwanza na kabla ya kila mashindano. Faiba ikaguliwe chini, kwenye mizizi ya miguu, ambako nyufa huanzia. Kwa magari yanayolala karibu na bahari, kama Kawe, Mbweni au Mtoni Kijichi, adui mkubwa ni chumvi: bolti ya chuma ikikutana na alumini kwenye hewa hiyo, alumini huliwa taratibu kuzunguka tundu, na kwa nje hakuna kinachoonekana. Kila bolti ivishwe washa ya plastiki na kupakwa grisi. Tundu lililotobolewa kwenye buti lipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya mguu kufungwa. Likishafunikwa bila rangi, kutu itakula kwa ndani, na gharama ya kubadili buti zima ni kubwa kuliko ya bawa.